Sala isiyoomba kitu

Jioni moja ya Jumatano, ndani ya nyumba ya mbao iliyosimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano upande wa kaskazini wa Goma, watu kumi na wawili wa shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya kanisa, tulikuwa tumeketi kwenye viti vilivyoazimwa kwa majirani, tukisali kwa zamu kama ilivyo desturi. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata kila aliyesali alilazimika kupaza sauti. Kila mmoja alileta la kwake: kijana asiye na kazi, mama mwenye kesi ya kiwanja, baba ambaye mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule. Zamu ilipomfikia mama mmoja mzee aliyekuwa karibu na mlango, alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, akaanza kumtaja Mungu. Alimwita Muumba, alimwita Mwenye huruma, alimwita Yule aliyekuwako kabla mlima wetu haujawa mlima; akanyamaza kidogo, akaendelea, akasema kwamba hakuna aliye kama Yeye, kisha akasema Amina. Sisi tulikuwa bado tunasubiri. Kiongozi wa shirika, mtu ambaye saa haimtoki mkononi, alimwuliza kwa upole: "Mama, haukuomba kitu?" Naye akajibu kwa Kiswahili chetu cha huku: "Leo nilikuya tu kumusalimiya."

Wengine walicheka, kicheko cha heshima, na zamu ikapita kwa jirani yake. Jibu lile, hata hivyo, lilikuwa na uzito kuliko tulivyolipokea. Kwetu, mtu anayefika nyumbani kwako na kutoa haja yake kabla ya salamu huhesabiwa kuwa hakulelewa vizuri. Yuko na mwingine ambaye kasoro yake imejificha zaidi: yule ambaye salamu zake ni ndefu na tamu kwa sababu tu amekuja kukopa, na mwenye nyumba, akiwa bado anaitikia habari za watoto na za shamba, ameshajua. Naona kwamba sala ya kuabudu katika makanisa yetu mengi imegeuka kuwa salamu ya namna hii ya pili, na kwamba hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sala hiyo ndiyo inayoonyesha ni Mungu gani tunayemwendea katika sala nyingine zote.

Walimu wa sala, Wakatoliki kwa Waprotestanti, hawatofautiani sana katika kuzigawa aina za sala. Kuna kuungama, kuna kushukuru kwa lililotendeka, kuna kuomba kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine, na kuna kuabudu, yaani kumkiri Mungu kwa sababu Yeye ni Mungu, hata kama leo hakuna jipya alilokupa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inaiweka sala hii kuwa msimamo wa kwanza wa mwanadamu anayetambua kwamba ni kiumbe mbele ya Muumba wake. Madarasa ya Biblia katika makanisa ya Kiprotestanti nayo huwafundisha vijana waanze kwa kuabudu, wafuate kuungama, kisha kushukuru, na mwisho kuomba. Mpangilio huu ni mzuri, ila una mtego ndani yake: mtu anaweza kuusoma kama ngazi, ambapo kila daraja lipo kwa ajili ya lile linalofuata, na daraja la juu kabisa ni orodha ya mahitaji.

Maneno yenyewe tunayoyatumia yanapinga usomaji huo. "Kuabudu" limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule unaolipa neno la mtumwa katika lugha hiyo na unaosikika katika jina Abdallah. Na "kusujudu" ni kuliweka paji la uso chini, mzizi uliotupatia pia neno "msikiti". Maneno haya yaliingia mashariki ya Kongo pamoja na Kiswahili chenyewe, katika misafara ya wafanyabiashara wa pwani ya karne ya 19, kabla wamisionari hawajafungua vituo vyao Kivu, hivi kwamba Mkristo wa Goma anayemsujudia Kristo hutumia neno lililotembea kwa miguu kutoka Bahari ya Hindi. Kiebrania na Kigiriki cha Biblia nacho kinafanana na Kiarabu hapa, kwani vitenzi vinavyofasiriwa "kuabudu" mara nyingi vinaeleza mwili unaoinama au kuanguka chini. Zaburi ya 95 inasema: "Njoni, tuabudu, tusujudu, tupige magoti mbele za Bwana aliyetuumba." Vitenzi vitatu mfululizo, vyote vya mwili, na sababu inayotolewa ni moja tu, kwamba Yeye ndiye aliyetuumba. Hakuna lililotajwa kuhusu jinsi anayeabudu anavyojisikia.

Nasema hivyo kwa sababu siku hizi, ukiuliza katika makanisa mengi ya mji huu kuabudu ni nini, utajibiwa kwa lugha ya muziki. "Kusifu" ni nyimbo za mwendo wa kasi, za kupiga makofi na kurukaruka. "Kuabudu" ni nyimbo za polepole, ambapo mpiga piano hushusha sauti, mwimbaji hufumba macho, na mikono huinuliwa. Korali hujipanga kwa mgawanyo huo, na mwongozaji hutangaza kwenye kipaza sauti kwamba sasa tunaingia katika kuabudu, kana kwamba ni chumba kilicho upande wa pili wa ukuta. Sina ugomvi na muziki. Nimelelewa ndani yake, na kuna Jumapili ambazo bila wimbo nisingeweza kusema neno lolote kwa Mungu. Lakini mgawanyo wa kasi na polepole hauna msingi katika Maandiko, wala hauna msingi katika desturi yetu. Katika Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, wimbo wa Utukufu huchezwa, padri na wahudumu wakiizunguka altare kwa mwendo wa ngoma, na ni humo humo katika wimbo huo kanisa linapomwambia Mungu, "tunakuabudu". Kumbe kuabudu kunaweza kutoka jasho.

Tukiwa bado kwenye wimbo huo, kuna mstari ambao tumeuimba mara nyingi hata hatuusikii tena: "Tunakushukuru kwa ajili ya utukufu wako mkuu." Yeyote aliyezoea kushukuru kwa mshahara, kwa kupona, kwa safari njema, angesimama hapa na kushangaa, kwa maana utukufu wa Mungu ni mali yake Mungu mwenyewe, haukuletwa nyumbani kwangu, hauliwi wala hauvaliwi. Waliotunga sala hiyo ya kale walijua wanachosema. Wanashukuru kwamba Mungu yuko vile alivyo, kama mtu anavyoweza kufurahi kwamba Ziwa Kivu lipo, hata asubuhi ambayo hakuvua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, hata mmoja.

Nafikiri ugumu wetu na sala hii una historia ambayo mahubiri huigusa mara chache. Wazazi wetu walijifunza kusifu kwa amri. Katika miaka ya 1970, chini ya MPR, chama pekee cha Rais Mobutu, kulikuwa na kile kilichoitwa animasio: wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na wanavijiji walikusanywa kucheza na kuimba sifa za Mobutu, na asiyeonekana kucheza alijulikana. Kwenye televisheni ya taifa, habari za jioni zilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Waziri wake wa mambo ya ndani alithubutu kusema hadharani kwamba kanisa letu ni MPR na mkuu wake ni Mobutu, na mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa. Watu waliokua katika hali hiyo walijifunza kwa miili yao maana moja ya sifa: ni ushuru unaolipwa kwa mkubwa ili akuache kwa amani au, ukibahatika, akukumbuke. Mfumo ule ulianguka mwaka 1997, lakini mazoea hayakuanguka nao. Angalia tunavyompokea waziri, mkurugenzi au mfadhili wa shirika la misaada: ngoma, wimbo wenye jina lake, risala ya sifa yenye kurasa mbili, na katika aya ya mwisho, barabara na zahanati. Halafu sikiliza sala nyingi za hadharani, uone kama mpangilio wake haufanani na risala hiyo.

Kitabu cha Danieli kina tukio ambalo Mkongomani hahitaji maelezo mengi ili kulielewa. Mfalme Nebukadreza anasimamisha sanamu ya dhahabu, na amri inatolewa kwamba watu wote watakaposikia sauti ya panda, filimbi, kinubi, zeze na namna zote za ngoma, waanguke na kusujudu. Muziki unapiga, umati unainama. Vijana watatu hawainami, na jibu wanalompa mfalme lina maneno machache ambayo, kwa maoni yangu, yamebeba fundisho zima la kuabudu. Wanakiri kwanza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wanaongeza: "Bali kama si hivyo." Hata asipotuokoa, sanamu yako hatutaisujudia. Ibada yao haikufungwa kwenye matokeo.

Injili ya Mathayo inakwenda mbali zaidi. Katika jaribu la tatu jangwani, Shetani anamwonyesha Yesu milki zote za ulimwengu na fahari yake, kisha anamwambia: "Haya yote nitakupa, ukianguka kunisujudia." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kabla ya kuona kilichomo: ni mkataba wa biashara, ambapo sujudu ni bei na milki ni bidhaa. Anayetangaza kwamba atalipa ukimwabudu ni Shetani. Yesu anamjibu kwa Torati, "Msujudie Bwana Mungu wako, umwabudu yeye peke yake," na jibu hilo halina ahadi yoyote ya malipo, halina "ukianguka" wala "nitakupa". Mhubiri anayewaambia watu kwamba wamwabudu Mungu kwa nguvu usiku huu ili milango ya visa, ndoa na pesa ifunguke, amechukua maneno ya nani kinywani mwake? Swali hili ni kali, nalo linanihusu hata mimi, kwa kuwa nimewahi kukaa kwenye mikesha hiyo na kuinua mikono nikiwa na bahasha ya maombi mfukoni.

Wanaotetea mafundisho hayo wana andiko wanalolipenda, nao wanastahili kusikilizwa. Katika 2 Mambo ya Nyakati 20, mfalme Yehoshafati anawaweka waimbaji mbele ya jeshi, nao wanapoanza kuimba na kusifu, Bwana anawavuruga adui. Kwa hiyo, wanasema, sifa ni silaha. Ni kweli kwamba andiko linaunganisha wimbo na ushindi, na sitaki kulipunguza. Lakini sura hiyo ina aya zilizotangulia. Yehoshafati aliogopa, akatangaza mfungo, akaomba mbele ya watu akikiri kwamba "hatujui tufanye nini". Kisha Mlawi Yahazieli, aliyejiliwa na roho ya Bwana, akasema kwamba vita si vyao bali ni vya Mungu. Hapo mfalme akainama uso mpaka nchi, na watu wote wakaanguka mbele za Bwana. Ibada ile ilifanyika siku ya kuamkia vita, wakati adui alikuwa bado amekamilika na mikuki yake, na ilikuwa jibu kwa neno lililokwisha kusemwa. Waimbaji wa kesho yake walikuwa wanaitikia ahadi. Kuutoa wimbo katika mfuatano huo na kuufanya kitufe cha kubonyeza ni sawa na kumwona mama akimnyonyesha mtoto anayemtabasamia, ukahitimisha kwamba tabasamu ndilo linalotengeneza maziwa.

Sala ambayo Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake inajulikana hata na wasiokwenda kanisani. Jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe: mara tatu mfululizo neno ni "lako", "wako", "yako", na ni baada ya hapo tu linapokuja "utupe leo riziki yetu". Riziki haikuachwa nje. Yesu hakuwa na dharau ya wanafalsafa wanaoona haya kumwomba Mungu mkate, na anayesali akiwa na njaa hatakiwi kujifanya hana. Ila anayeomba riziki baada ya mistari ile mitatu anaomba akiwa amekwisha kukubali kwamba kuna jambo kubwa kuliko chungu chake, na kukubali huko kunabadilisha hata namna anavyoomba: ataomba "yetu", hataomba "yangu", na ataomba ya leo.

Hapa pana pingamizi zito, ambalo limetoka kwa watu wenye haki ya kulitoa. Je, ni halali kuwaambia watu wa Goma wamwabudu Mungu, baada ya yote yaliyoupitia mji huu? Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikalizika hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwisho wa Januari 2025 tulilala chini ya vitanda tukisikia mabomu, bila maji wala umeme, na wengi walizika watu wao bila matanga. Kumsimamia mjane mwenye maiti bado ndani na kumwambia aimbe ni ukatili, hata kama mwimbishaji amevaa joho. Sina namna ya kulipamba hilo, na nimeona likifanyika.

Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Zaburi ya 22 inaanza kwa kilio ambacho Yesu alikirudia msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", inalalamika kwamba mchana na usiku hakuna jibu, na ndipo, bila kufuta hata neno moja la malalamiko hayo, inasema: "Na Wewe u Mtakatifu, uketiye juu ya sifa za Israeli." Kiunganishi ni "na". Mwombaji hakusubiri kilio kiishe ili aabudu, wala hakuabudu ili kukinyamazisha kilio. Ayubu naye, siku alipopoteza watoto na mali, alirarua joho lake, akanyoa kichwa, mambo ya msiba kama yanavyojulikana popote, na akiwa katika hali hiyo akaanguka chini akasujudu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyeuawa katika mji wake tarehe 29 Oktoba 1996, anakumbukwa kwa maneno kwamba kuna mambo yasiyoonekana vema ila kwa macho yaliyolia. Naamini utakatifu wa Mungu ni mojawapo ya mambo hayo, ingawa sithubutu kumwambia hivyo mtu ambaye macho yake bado yanatoka machozi. Anayeweza kuabudu ndani ya msiba ni yule aliyemo ndani yake. Sisi tulio pembeni kazi yetu ni kubeba maji na kukaa naye kimya.

Kuna usiku mmoja ulionifundisha jambo hili kuliko vitabu. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga juu ya mji liligeuka jekundu, na sisi wengi tukashika barabara ya Sake, kilomita kama 25, na magodoro kichwani, na watoto mgongoni, na wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, wakisukuma sufuria na mbuzi. Kesho yake ilikuwa Pentekoste, sikukuu ya ndimi za moto, na sidhani kuna mhubiri yeyote wa Goma aliyehitaji kutafuta mfano mwaka ule. Njiani, mwanamume mmoja alikuwa akitembea kinyume na umati akipiga kelele kwamba Mungu amekuja katika moto, tumtetemekee. Hatua chache nyuma yangu, wanawake wawili walikuwa wakiimba wimbo wa kuabudu kwa sauti ya chini sana, sauti ya kumlaza mtoto, wakipokezana mzigo mmoja wa kichwani bila kuukata wimbo. Nilikumbuka, si usiku ule bali siku zilizofuata ardhi ilipokuwa bado inatikisika, habari ya Eliya kwenye mlima wa Horebu: upepo ulioipasua milima, na Bwana hakuwamo, tetemeko la nchi, na Bwana hakuwamo, moto, na Bwana hakuwamo katika huo moto, na baada ya moto, sauti ndogo, ya utulivu. Hapo ndipo Eliya alipojifunika uso wake.

Zaburi ya 104 inasema kwamba Mungu "aigusa milima, inatoka moshi", nasi tunaoamka kila siku tukiuona moshi wa Nyiragongo tunaweza kuusoma mstari huo kwa dirisha. Lakini kuguswa na Mungu si kuwa Mungu. Mlima ni mkubwa, unatisha, umeua watu, na bado haustahili magoti. Ninaona hii kuwa kazi ya sala ya kuabudu ambayo haitajwi vya kutosha: inatenga. Inamtaja Mmoja kuwa ndiye anayestahili, na kwa kufanya hivyo, bila kusema neno jingine, inakuwa imewavua wengine wote heshima ambayo si yao, awe mlima, awe mwenye bunduki, awe mwenye pesa.

Mji huu una shahidi wa jambo hilo. Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, aliyetumia muda wake pamoja na maibobo, watoto wa mitaani. Alipewa rushwa ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Alikataa, akatekwa, akauawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri jijini Roma tarehe 15 Juni 2025. Wengi humsimulia kama kielelezo cha uadilifu kazini, nao hawakosei, lakini mimi humwona kwanza kama mtu aliyejua kusali. Pesa ile ilikuwa inamwambia maneno ya jangwani, haya yote nitakupa, na inapokuja haiji na pembe kichwani; inakuja katika bahasha, kupitia mtu unayemfahamu, siku ambayo kodi ya nyumba imechelewa. Kijana wa umri ule hawezi kubuni jibu papo hapo. Anatoa jibu ambalo magoti yake yameshalizoea.

Kwa wanaouliza ifanyweje, sina mengi. Wakatoliki wana saa ya kuabudu Ekaristi, ambapo hostia takatifu huwekwa wazi altareni na watu hukaa mbele yake, mara nyingi kimya kabisa. Ndugu zetu Waprotestanti hawakubaliani na fundisho lililo nyuma ya desturi hiyo, na tofauti hiyo ni ya kweli, sitaki kuifunika, lakini kimya kile kingeweza kuwafaa hata wao, hasa mahali ambapo jenereta na vipaza sauti havijawahi kumpa mtu nafasi ya kusikia pumzi yake. Zaburi zinatosha kwa asiye na maneno. Majina pia yanatosha, na hapa lugha za nyumbani zina utajiri ambao Kiswahili hakiwezi kuumaliza: Mnande anayesema Nyamuhanga, na Mshi anayesema Nyamuzinda, ameshaabudu kabla sentensi haijakamilika. Na mwili uhusishwe, kwa anayeweza. Sakafu zetu ni za mawe magumu na magoti yanauma, ndiyo, nami nimeona wazee wakikunja kitenge mara nne na kukiweka chini kwanza.

Yule mama wa Jumatano alirudi wiki iliyofuata. Safari hii mvua haikunyesha, na kutoka barabarani tulisikia pikipiki na mwuza mikate akipiga kengele. Zamu yake ilipofika alishuka tena kwenye kiti, akaanza na salamu zile zile, Muumba, Mwenye huruma, Uliyekuwako kabla ya mlima, akakaa kwenye salamu muda mrefu kuliko tulivyozoea, hata kiongozi wetu akaivuta mikono ya shati na kuifunika saa. Kisha akanyamaza. Halafu akasema kwamba mjukuu wake ana malaria, siku ya tatu sasa, na dawa haijapatikana, akamtaja mtoto kwa jina.